Alama ya Rangi ya Kucha

Kwa miaka minne nilimwita mwizi. Si mbele yake. Mbele yake nilimwita Papa, yaani baba, kama watu wote, nikamsalimia kwa adabu na kumwuliza habari za nyumbani, habari ambazo hakuwahi kunipa. Nilimwita mwizi sokoni, nje ya kanisa baada ya misa, kwenye harusi nilizokwenda kupiga video, na mara moja hata matangani, mahali ambapo watu tulikuwa tumekuja kumzungumzia marehemu. Yule fundi wa kompyuta wa mtaa wa Bel-Air, nilisema, yule mwenye chupa za rangi ya kucha mezani, muwe macho naye. Mimi watu huniamini nikisema jambo, kwa hiyo wakawa macho.

Jina lake silitaji. Sina hata hakika kama lile alilotupa lilikuwa lake. Wateja wengine alijitambulisha kwao kwa jina moja, wengine kwa jingine, na ukimwuliza anakaa mtaa gani, Jumatatu alikuwa wa Katuba, Alhamisi wa Ruashi. Tulimwita Papa Technicien, au Fundi tu. Mimi aliniita Mama Video, kwa sababu kazi yangu ni kukata na kuunga picha za ndoa na za vilio, yaani misiba, na kompyuta ndiyo jembe langu. Ikilala, nyumba yangu inalala nayo.

Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la unga, chenye mlango uliokatwa katikati, nusu ya juu wazi na nusu ya chini imefungwa kwa komeo. Unga mweupe ulipita chini ya ukuta ukakutana na vumbi jekundu la barabarani, na kila asubuhi alifagia vyote viwili kwa hasira. Ndani palikuwa na meza, benchi la wateja, na zile chupa tano za rangi ya kucha zimepangwa juu ya kitambaa. Mtu aliyefika mara ya kwanza alidhani amekosea mlango.

Chupa zile ndizo zilikuwa sheria yake. Mteja hakuruhusiwa kuacha mashine na kwenda zake. Alipaswa kukaa kwenye benchi na kutazama mikono ya Fundi tangu kifuniko kinatoka hadi kinarudi, na kabla ya lolote kuguswa, mteja mwenyewe achague rangi na kuweka nukta juu ya kila kipande: diski, ubao mama, feni, kila kitu. Siku ya kuchukua, mteja anazikagua nukta zake moja moja, kisha anasema kwa sauti, benchi zima lisikie: "Ni yangu, yote iko." Hapo tu ndipo Fundi alipofunga skrubu ya mwisho.

Nakumbuka siku niliyoleta mashine yangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka, nikaiweka mezani nikageuka.

"Unaniacha na machine, unaenda?" aliuliza. "Miye unanijua?"

"Papa, banasema weye uko muntu muzuri."

"Banasema. Nani anasema? Baliniona wapi? Ikala."

Nikakaa. Alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa suti na tai, akalazimishwa kuchagua kati ya waridi na zambarau mbele ya wanafunzi wake wawili waliokuwa wamekuja kununua kebo. Alichagua waridi huku akitazama dari. Mimi sikugusa chupa za watu. Nilitoa yangu mkobani, rangi ya damu ya mzee, nikatia nukta zangu polepole na kwa ukubwa. Fundi alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nawaambia ukweli, utaratibu ule haukunituliza hata kidogo. Mtu akikusihi umlinde asikuibie, wewe humwulizi amejuaje kwamba anaweza kuiba? Benchi lile lilitufundisha kushuku, na mwanafunzi mzuri huanza na mwalimu wake. Kila nilipokaa pale nilitazama mikono yake, kisha mikono ya koti lake la kazi, kisha lile pazia la nyuma ambalo hakulifungua mbele yetu. Nilikwenda kwake miaka sita, na katika miaka hiyo sita sikuona kitu. Hilo nalo nililiandika upande wa shaka.

Kushuku kwake yeye kulikuwa ni ufundi. Ukimletea kadi ya picha, ile tunayoiita carte graphique, aliinusa kwanza. Alisema zile zilizochoshwa usiku na mchana na watu wanaotafuta pesa za mtandaoni zina harufu ya mafuta yaliyoungua, na hata ukizipangusa kwa pombe harufu inarudi zikipata joto. Kisha aliiweka kwenye mizani ya jikoni, ile ya kupimia sukari. Kuna matapeli wanaofungua kadi nzuri, wanatoa shaba inayopooza joto, wanaweka bati.

"Mu Katanga muzima," alisema huku akionyesha upande wa migodi, "muntu anakuya kunidanganya miye juu ya shaba."

Baada ya mizani alichukua kioo cha kukuza akatazama vichwa vya skrubu. Kama kulikuwa na mkwaruzo mmoja, alijua kuna mkono umepita. Mwisho aliichomeka, na kompyuta ilipotangaza jina la kadi, jina kubwa la kuvutia, alicheka peke yake. Jina unaweza kumwandikia yeyote, alisema. Kadi ya zamani inavalishwa jina la mpya kama unavyovalisha nguo. Aliifungua mpaka akaona kile kipande cheusi cha ndani na namba zake, akazisoma kwa sauti. Niliona watu wazima wakilia pale benchini.

Lakini mtu huyuhuyu alikwenda kunawa na kuswali akiacha chumba wazi, na vitu vya watu mezani, na sisi benchini. Hakunywa maji ya mtu, hata ya mwenye duka la unga aliyemjua miaka yote. Karanga, kwa upande mwingine, alikula kutoka kiganja chochote kilichomnyooshea. Simu aliichukia, akisema ni kitu kilichogundishwa ili usione ndani. Na alikuwa mwongo wa mambo madogo: umri wake, kama amekula, saa atakayofungua kesho. Katika mambo ya mashine sikuwahi kumkamata, ingawa nilijaribu.

Na kulikuwa na treni. Pembeni mwa chumba ilikaa kompyuta yake mwenyewe, ndefu na nyeusi, na ilikuwa ndugu ya yangu kabisa. Zote mbili zilitoka katika ofisi moja ya mambo ya migodi iliyouza vifaa vyake vya zamani ilipoleta vipya. Yangu ilikuwa ya karani, yake ya wachora ramani, kwa hiyo yake ilikuwa na nguvu zaidi. Mchana Fundi alifunga nusu ya juu ya mlango, akawasha mchezo wa kuendesha treni. Treni za Ulaya, mvua inanyesha, mashamba yanapita. Aliendesha kwa uzito wa mtu anayelipwa mshahara. Alisimama kila kituo, kila gare kama alivyoita, akangoja abiria wa uongo wapande, akawagombeza waliochelewa. Mtu akigonga mlango alijibu kwa sauti ya chini: "Nafika gare. Dakika tatu." Na kweli zilikuwa tatu.

Siku moja aliniruhusu nikae ndani wakati huo, nikamwuliza kama alifanya kazi kwenye reli. Baada ya kituo kizima ndipo aliposema: "Hapa hakuna anayenidanganya. Signal ikikuwa nyekundu, ni nyekundu." Saa ile ya treni ndiyo pekee ambayo hakuangalia mikono ya mtu.

Sasa nije kwenye kadi yangu. Kazi za video zilikuwa zimekua. Watu wa siku hizi wanataka picha safi, na mashine yangu ya karani ilihitaji siku mbili kutoa harusi moja, tena ikigoma katikati mara mbili au tatu. Nikapata kazi ya familia kubwa, ndoa ya binti wa mwisho, saa sita za video, na walinipa tarehe. Nikishindwa, nilijua watakwenda kwa yule kijana wa mtaa wa Golf mwenye kompyuta mbili mpya, na baada yao wangekwenda wengine. Nilihitaji kadi ya picha. Sikumwuliza Fundi. Niliogopa angenipeleka kwa muuzaji wake na kupata chake humo. Nikainunua mwenyewe mjini, nikaileta imefungwa kwenye kitenge.

Aliinusa. Akaipima. Akatazama skrubu. Akaifungua na kusoma namba. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema kwa huzuni ya mtu aliyenyimwa ushindi: "Iko muzuri."

Nilitabasamu.

"Lakini alimentation yako haitaibeba."

Alimentation ni kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipande vyote. Fundi alinionyesha: changu kilikuwa kidogo, kilitengenezwa kulisha mashine ya karani na si zaidi, wala hakikuwa na ule waya wa pembeni ambao kadi kubwa inaudai. Na plagi zake hazikuwa kama za kompyuta nyingine. Waliozitengeneza mashine hizi walitaka ununue kwao tu, alisema. Cha sokoni hakiingii.

Hapo nikajiambia, ndipo tulipofika.

"Na weye unauza alimentation, Papa?"

"Siuzi. Haiko. Rudisha carte."

"Muuzaji hataki kuirudisha. Cousin yangu anasema kuko waya ya kuunganisha, unatwaa umeme ku diski."

"Uyo cousin eko na extincteur, ya kuzima moto?"

Tulibishana mpaka mwenye duka la unga akaja kutazama. Fundi alikataa kufunga ule waya. Nilikataa kuamini kwamba kisanduku hakitoshi. Mafundi wote duniani wana kipande kimoja ambacho daima hakitoshi, na kwa bahati wanajua pa kukipata. Nukta zangu nilikuwa nimeshaziweka, hata kwenye kile kisanduku kilichotukanwa. Na tukiwa bado tunabishana, simu yangu ililia. Shangazi yangu aliyenilea alikuwa amefariki Mitwaba.

Safari ya Mitwaba si ya kwenda na kurudi siku moja. Nilisimama katikati ya chumba kile, mashine iko wazi, kadi iko mezani, gari linaondoka saa hiyohiyo, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita Fundi alivunja sheria yake.

"Enda kulia, mama," alisema. "Iache."

Hakubisha. Hakuniuliza kama ninamjua. Nilipanda gari nikimlilia shangazi, na katikati ya machozi, nasema bila aibu, nilijiuliza kwa nini amekubali upesi hivyo.

Nilirudi siku ya tisa nikiwa na vumbi hadi masikioni. Mashine ilikuwa tayari, kifuniko kimefungwa, skrubu zote ndani. Aliiwasha, kadi ikaonekana, picha ikatembea laini kama sikuwahi kuiona. "Imekamata," alisema. Kulikuwa na wateja wawili benchini. Nilisimama nikingoja anifungulie, nikague nukta, niseme maneno yangu. Hakufungua. Hakuniambia niseme. Alichukua ujira wa mikono yake tu, bei ileile ya kila siku, akanisogezea mashine.

"Na alimentation yangu imebeba?" niliuliza.

"Inatembea, si unaona? Peleka, ndoa inakungoja."

Hilo halikuwa jibu, na sote wawili tulijua kwamba halikuwa jibu.

Nyumbani nilichukua bisibisi. Nukta ya diski ilikuwepo. Ya feni ilikuwepo. Kisanduku changu cheusi hakikuwepo. Mahali pake palikaa kingine, cha kijivu, kimekwaruzwa pembeni, karatasi yake imechanika nusu, bila nukta yoyote. Nilikaa sakafuni nikakitazama. Amenibadilishia, nilisema. Miaka sita amenilaza kwa rangi ya kucha, na siku nilipokwenda kuzika, amekula.

Ile harusi niliimaliza kabla ya tarehe. Kilichochukua siku mbili sasa kilichukua nusu ya mchana. Familia ilifurahi, ikanipa kazi ya pili, na ya pili ikaleta ya tatu. Mashine haikugoma tena hata mara moja, na mimi nikaketi mbele yake nikimtukana aliyeitengeneza.

Wa kwanza kumwambia alikuwa jirani yangu mwenye sekretaria ya kuchapa barua, mwenye kompyuta nne. Aliziondoa kwa Fundi wiki ileile. Kisha mama wa kwaya, ambaye mumewe alikuwa na ofisi. Kisha yule mwalimu wa rangi ya waridi. Sikulazimika kusema mengi, kwa sababu maneno yalijiuza yenyewe: anawaambia wateja wamwangalie, na siku usipomwangalia, basi. Watu walipenda sana sehemu hiyo. Najua kazi yake ingepungua hata bila mimi, kompyuta za mezani zinaondoka na simu zimejaa. Lakini wale watatu niliwaondoa mimi, kwa mdomo wangu, na kila mmoja aliondoka na wengine.

Nilipita pale mara kadhaa baadaye. Benchi lilikuwa tupu. Ile kompyuta yake ya treni ilikuwa imefunikwa kitambaa cha meza, na juu ya kitambaa ameweka birika la chai. Nilifikiri amechoka na mchezo. Aliniinulia mkono kutoka ndani, nami nikamwinulia, akaendelea kunitazama kama mtu anayesubiri kitu. Nilimwona mnafiki. Mwaka wa pili chumba kikawa cha mtu wa kusuka nywele, na nikasikia Fundi amehamia Annexe, nje ya mji, huko anakolima mahindi kidogo.

Mwaka huu mashine yangu ilianza kupiga kelele, nikaipeleka kwa msichana mmoja aliyemaliza masomo yake karibuni, mwenye meza yake karibu na chuo kikuu. Nilikaa na kutazama mikono yake, akaona ajabu. Alisafisha feni, akamaliza, kisha akaangaza taa ndani.

"Mama, nani alikuwekea iyi alimentation?"

"Kwa nini? Iko mubaya?"

"Haina mubaya. Iko ya machine kubwa, ile ya ba dessinateur, ba kuchora ramani. Njo peke yake inaweza kuingia humu na kubeba iyi carte. Minatafuta moja tangu mwaka uliopita, haionekane mjini, mu ville yote. Uyu muntu alikupenda."

Nililipa nikaenda zangu. Njiani nilikuwa naona lile birika juu ya kitambaa. Na lazima niseme jambo lingine hapa, kwa kuwa nimeanza kusema. Siku ile sakafuni, nikiwa na bisibisi mkononi, wazo kwamba kile kisanduku cha kijivu ni cha kwake lilinipitia. Mashine ndugu, ofisi moja. Sikuwa mjinga. Niliona pia waya wa pembeni umeingia kwenye kadi, waya ambao changu hakikuwa nao. Nilichofanya ni kufunga kifuniko. Ningekwenda kumwuliza, angeweza kusema ni kweli, nirudishie, na mimi nilikuwa na harusi. Mwizi harudishiwi kitu. Kwa hiyo nilimhitaji awe mwizi.

Nilikwenda Annexe Jumapili, na mashine nimeipakata kwenye teksi. Ningeweza kwenda mikono mitupu, lakini Fundi hakuwahi kujibu swali la mashine bila mashine mbele yake. Nyumba yake ni ya matofali yasiyopakwa, na mahindi yanaanzia mlangoni. Mke wake alikuwa akianika mihogo juu ya bati. Sikuwa nimejua kwamba ana mke.

Yeye alitoka amekonda, amevaa lilelile koti la kazi. Aliniangalia, akaiangalia mashine.

"Mama Video. Safari hii haukuiacha kwa muntu."

"Nimekuja nayo, Papa."

"Basi ikala."

Nikakaa kwenye kigoda. Aliifungua polepole, akapuliza vumbi, akaingiza mkono. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha kijivu vikatulia pale, juu ya ule mkwaruzo. Kisha aliingia ndani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Aliufungua akaniwekea mapajani kisanduku cheusi, kisafi, kimepanguswa. Nukta ya damu ya mzee ilikuwa juu yake, kubwa, kama nilivyoiweka.

"Ilikuwa ya ndoa tu," alisema. "Nilikuazima yangu. Nilisema, siku mbili, tatu, huyu mama atafungua, ataona alama haiko, atakuya hapa na kelele. Nitamurudishia yake, nitatwaa yangu."

"Juu ya nini hukuniambia siku ile?"

"Ningesema, ungeona naanza kukuuzia. Tuligombana, unakumbuka? Sikukuambia useme ni yangu yote iko, sababu haikuwa yako yote. Singekutia uongo mu kinywa mbele ya bantu. Muntu wa benchi yangu, kuona haambiwe aseme, angeuliza." Alipuliza tena vumbi ndani ya mashine. "Weye hasa. Hakuna muntu alikuwa na mashaka sawa na weye. Nilijua haungelala."

Sikuweza kumtazama. Mke wake, bila kugeuka kutoka kwenye mihogo, alisema: "Train yake iko mu gare miaka mine."

"Nalisema vibaya juu yako, Papa," nikasema. "Ku bantu mingi."

"Najua. Bengine balikuya kuniambia siku ileile." Alisema hivyo kama mtu anayesoma namba juu ya kadi. "Nilingoja uniambie miye."

Machozi yalinijia na niliyaacha. Yeye alichukua bisibisi.

Alitoa kadi yangu kwanza, akaifunga kwenye gazeti, akanipa. Iko nzuri, alisema, nitafute kisanduku chake. Alitoa cha kijivu. Alirudisha cheusi, akafunga plagi zake moja moja, na alinitaka nisogee karibu nione kila moja. Jumamosi nina harusi nyingine, na nilijua kwamba nitarudi kwenye siku mbili na kugoma katikati. Kisha aliingia ndani na cha kwake. Mlango alikuwa ameuacha wazi, nikaona akitoa birika, akikunja kitambaa cha meza kwa uangalifu, akipiga magoti. Umeme wa Annexe ulikuwepo siku ile. Feni ilizunguka, ikakohoa vumbi, na baada ya muda nikasikia mvua ya Ulaya.

Nilidhani amenisahau. Nikaanza kunyanyua kifuniko changu ili nifunge mwenyewe na niende. Alitokea mlangoni.

"Angalia," alisema.

Nilikagua. Diski. Ubao mama. Feni. Kisanduku cheusi. Nukta zote zilikuwa zimepauka kidogo, lakini zilikuwepo.

"Sema."

Hapakuwa na benchi wala wateja. Alikuwepo yeye, mke wake, na jirani mmoja aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ua wa matete.

"Ni yangu," nilisema. "Yote iko."

"Kwa nguvu, mama," alisema mke wake.

Mchi ukasimama upande wa pili. Nikarudia.